Sheria za Ugaidi na Haki za Mtuhumiwa: Kenya, Tanzania na Uingereza Bega kwa Bega

Tarehe 9 Novemba 2005, Tony Blair alishindwa kura bungeni kwa mara ya kwanza tangu awe Waziri Mkuu wa Uingereza. Alitaka polisi waruhusiwe kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi hadi siku 90 kabla ya kumfungulia mashtaka. Ilikuwa imepita miezi minne tu tangu mabomu ya Julai 7 yaue watu 52 jijini London, na uchungu ulikuwa haujapoa, lakini wabunge 322 walikataa na 291 wakakubali. Miaka saba baadaye Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, na ukiifungua utazikuta siku 90 zilezile, zikitolewa kwa vipande na mahakama. Tanzania haina kifungu cha siku 90, na kwa kweli haikihitaji. Mtu akishasomewa shtaka la ugaidi hapati dhamana, na hapo siku zake za rumande huhesabiwa kwa miaka.

Ulinganisho huu ni kwa mtu ambaye siku moja ataombwa kuchagua: kamati ya Bunge imetangaza kupokea maoni juu ya muswada, chama cha mawakili kinaandaa waraka, shirika la msaada wa kisheria linataka kujua lipiganie kifungu kipi kwanza. Nimechukua nchi tatu kwa sababu mbili. Kenya na Tanzania zilipigwa siku moja, Agosti 7, 1998, katika balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, kisha kila moja ikashika njia yake. Uingereza ndiko nchi zote mbili zilikorithi taratibu za mahakama, na yenyewe imekuwa na sheria za namna hii tangu enzi za vita vya Ireland ya Kaskazini.

Msimamo wangu niuseme mapema. Haki zenyewe zimeandikwa kote, tena kwa maneno yanayofanana. Katiba ya Tanzania inamhesabu mtuhumiwa kuwa hana hatia katika Ibara ya 13, ya Kenya inakataza mateso bila kisingizio chochote katika Ibara ya 25, na Uingereza ina Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998. Kwa hiyo orodha ya haki haitakusaidia kuchagua. Angalia mlango wa mahakama: nani anaruhusiwa kuugonga, baada ya siku ngapi, na jaji akishasikiliza ana nguvu gani.

Sheria zilivyoingia

Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la Septemba 28, 2001, liliitaka kila nchi iufanye ugaidi na ufadhili wake kuwa kosa la jinai. Tanzania ilitii upesi, ikatunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi namba 21 ya 2002. Uganda nayo ilitunga yake mwaka huohuo. Kenya ilichelewa miaka kumi, na sababu ya kuchelewa ni ya kujifunza. Muswada wa 2003 ulipingwa na mawakili, viongozi wa Kiislamu na mashirika ya haki hadi ukafa, na uliofuata wa 2006 haukufika popote. Sheria ilipopita mwaka 2012 tayari kulikuwa na Katiba mpya ya 2010, kwa hiyo ilizaliwa ikiwa na mlezi mkali. Ya Tanzania ilipita wakati mjadala wa namna hiyo ulikuwa mdogo, na makali yake yakaja kuonekana baadaye, kesi zilipoanza.

Ugaidi ni nini, na maandamano je?

Hapa Afrika Mashariki inaishinda London, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Kenya na ya Tanzania zote zinasema wazi kwamba kitendo kinachovuruga huduma wakati wa maandamano au mgomo hakihesabiwi kuwa ugaidi, maadamu hakikukusudiwa kuleta madhara makubwa. Sheria ya Uingereza ya 2000 inatafsiri ugaidi kwa upana, hadi uharibifu mkubwa wa mali, na haina kinga ya wazi kwa waandamanaji.

Lakini kinga hiyo mtuhumiwa ataitumia akiwa ameshakamatwa. Julai 2025 mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa nyumbani kwake, wapelelezi wakitangaza tuhuma za kuwezesha vitendo vya kigaidi wakati wa maandamano ya Juni. Alipopandishwa kizimbani neno ugaidi halikuwemo, alishtakiwa kwa kupatikana na risasi isivyo halali. Neno lilikuwa limeshafanya kazi yake redioni na kwenye magazeti. Ukichangia maoni, tetea kinga hii isifutwe, ila usijidanganye kwamba inatosha.

Siku za kwanza mikononi mwa polisi

Uingereza: polisi wanaweza kumshikilia mtuhumiwa wa ugaidi saa 48, kisha lazima waende kwa jaji, na jaji anaweza kuongeza hadi jumla ya siku 14. Baada ya hapo ni mashtaka au mlango wazi.

Kenya: Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Pale ndipo sheria ya ugaidi inapoingia. Polisi wanaomba aendelee kushikiliwa, mahakama inaweza kutoa hadi siku 30, kisha nyongeza, mradi jumla isizidi siku 90. Mwombaji anatakiwa kueleza sababu kwa kiapo, na mshukiwa ana haki ya kupinga.

Kwa kuhesabu tu, Uingereza inaonekana ina huruma na Kenya ina ukali. Kinachopungua katika hesabu hiyo ni kwamba wanaokamatwa na kufikishwa kortini Mombasa au Kahawa wana bahati kuliko wasiofikishwa popote. Nitarudi huko chini.

Tanzania: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inasema saa 24. Ni rahisi kumfikisha mtu mahakamani upesi ikiwa mahakama unayompeleka haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Ndivyo inavyokuwa katika makosa makubwa: mtuhumiwa anasomewa shtaka katika mahakama ya chini, anaambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka, na shauri linaahirishwa. Wiki mbili baadaye karandinga linamrudisha. Mwendesha mashtaka anasimama, anasema shauri limekuja kwa kutajwa na upelelezi haujakamilika. Wakili analalamika. Hakimu anaandika, anapanga tarehe nyingine. Jamaa zake waliopanda daladala alfajiri wanapata dakika moja ya kupungiana mikono kwa mbali. Sentensi hiyo ya upelelezi kutokamilika inajulikana na kila mwenye ndugu mahabusu, na kwa makosa ya daraja hili hakuna idadi ya siku inayoifanya ikome.

Ndiyo maana safu ya “siku kabla ya mashtaka”, ambayo huwekwa juu kabisa katika majedwali ya kulinganisha nchi, inapotosha. Ukiitumia peke yake, Tanzania inapata alama za juu kuliko zote tatu.

Dhamana na miaka ya kusubiri

Kama kuna mahali pa kukaa na kufikiri sana, ni hapa.

Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania kinataja makosa yasiyo na dhamana, yakiwemo mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, na ugaidi. Hakimu haangalii kama mtu ni mgonjwa, ana anwani, ana watoto, au ushahidi ni mwembamba. Neno likishaandikwa kwenye hati ya mashtaka, uamuzi umeshafanyika, na aliyeliandika ni upande wa mashtaka. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema katika shauri la Dickson Paulo Sanga kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki.

Matokeo yake yanaonekana katika kesi mbili zinazojulikana na kila mtu. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, akiwemo Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, waliunganishwa katika kesi ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014. Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta. Miaka saba, bila hukumu ya hatia wala ya kuachiwa. Mwezi uliofuata, Julai 2021, mwenyekiti wa Chadema wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa Mwanza alikokwenda kwa kongamano la Katiba mpya, akashtakiwa kwa ugaidi na uhujumu uchumi. Februari 2022 Mahakama Kuu ikaona ana kesi ya kujibu. Machi 4, 2022, siku aliyotarajiwa kuanza kujitetea, upande wa mashtaka ukasema hauna nia ya kuendelea.

Mtu anaweza kusema, si waliachiwa? Waliachiwa, lakini kufuta mashtaka kwa njia hiyo si kushinda kesi. Sheria ya wakati huo iliruhusu mtu huyohuyo ashtakiwe tena kwa mambo yaleyale, na hakuna fidia inayofuata moja kwa moja. Jaji hakupata nafasi ya kusema ushahidi ulikuwa mzima au mbovu. Polisi waliopeleleza vibaya hawakujifunza kitu, na kama palikuwa na hatari ya kweli, nayo haikuthibitishwa wala kukanushwa. Hata anayejali usalama tu, asiyejali haki za mtu yeyote, ana sababu ya kuukataa utaratibu huu.

Kenya ilichagua tofauti. Ibara ya 49 ya Katiba inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana isipokuwa kuwe na sababu za msingi za kumnyima, bila kutaja kosa lolote kuwa nje ya mlango huo. Washukiwa wengi wa ugaidi bado hunyimwa. Tofauti ni kwamba anayenyima ni hakimu, anaandika kwa nini, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa.

Kwa England na Wales, kitu cha kuiga kiko baada ya mashtaka: mtu aliyeko rumande akisubiri kesi katika mahakama ya juu ana kikomo cha siku 182 kesi iwe imeanza. Kikomo kinaweza kuongezwa, hata katika kesi za ugaidi huongezwa, lakini mwendesha mashtaka lazima amridhishe jaji kwamba kuna sababu nzuri na kwamba yeye mwenyewe amefanya kazi kwa bidii. Mzigo wa kueleza uko kwa dola. Kwa maoni yangu hiki ndicho kifungu kimoja ambacho Tanzania ingenufaika nacho kuliko vyote, na hakigharimu usalama wa mtu hata kidogo.

Jaji anaweza kuua kifungu?

Desemba 2014 Kenya ilikuwa imejeruhiwa vibaya. Mashambulizi yalikuwa yameua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka uliotangulia, Mpeketoni zaidi ya 60 mwezi Juni, abiria 28 wa basi Mandera mwezi Novemba, na wachimba mawe 36 siku chache baadaye. Serikali ikapeleka bungeni muswada wa kurekebisha sheria za usalama kwa mkupuo mmoja. Desemba 18 ulipita, wabunge wakitupiana makonde na karatasi zikiruka ukumbini. Rais akatia saini kesho yake.

Kilichofuata ndicho kinachofanya mfano wa Kenya usomwe kwingine. Muungano wa upinzani wa CORD, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na raia mmoja walikwenda Mahakama Kuu. Januari 2, 2015, Jaji George Odunga akasimamisha baadhi ya vifungu. Februari 23, majaji watano wakavifuta vifungu vinane. Kimoja kilikuwa kinatoza faini ya hadi shilingi milioni tano au kifungo cha miaka mitatu kwa kuchapisha picha au habari za kutia hofu. Kingine kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 kwa nchi nzima, wakati waliokuwepo walikuwa maradufu na zaidi. Kingine kilimruhusu mwendesha mashtaka aufiche ushahidi hadi kesi iwe inakaribia kusikilizwa. Kingine kilizuia amri ya dhamana isitekelezwe kwa sababu tu upande wa mashtaka umesema utakata rufaa.

Majaji hawakufuta kila kitu. Sehemu kubwa ya sheria ilibaki, pamoja na nguvu za kudukua mawasiliano. Hilo ndilo linalonipa imani na hukumu ile: ilipima kifungu kwa kifungu, ikiuliza kila mara lengo ni nini na kama kuna njia isiyoumiza zaidi.

Mahakama za Uingereza hazina nguvu hizo, na wengi hushangaa wakiambiwa. Baada ya Septemba 11, Bunge liliruhusu wageni wanaoshukiwa ugaidi wafungwe bila kesi na bila ukomo. Wengi waliwekwa katika gereza la Belmarsh. Desemba 16, 2004, majaji wanane dhidi ya mmoja wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo, walisema kifungu hicho kinapingana na haki za binadamu. Hoja iliyokiangusha ilikuwa nyepesi kueleweka: kama mshukiwa raia wa Uingereza mwenye hatari ileile anaachwa barabarani, kumfunga mgeni peke yake hakuna ulazima, ni ubaguzi. Lakini juu ya kifungu chenyewe mahakama ilitoa tamko tu. Milango ya Belmarsh haikufunguka siku ile. Ilibidi Bunge litunge sheria nyingine Machi 2005, na sheria hiyo ikaleta amri za udhibiti, yaani mtu kufungiwa nyumbani kwa saa nyingi kwa siku bila kupatikana na hatia. Toleo lake la leo linaweza kumbana mtu hadi miaka mitano.

Tanzania iko katikati na inateleza. Mahakama Kuu inaweza kutangaza sheria kuwa batili, japo Ibara ya 30(5) inairuhusu pia kuipa Serikali muda wa kurekebisha. Tatizo lilikuja mwaka 2020, sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi iliporekebishwa ili anayefungua shauri aonyeshe jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Linganisha na Ibara ya 22 ya Kenya, inayomruhusu mtu yeyote kwenda kwa niaba ya asiyeweza au kwa masilahi ya umma. Aliyeathirika na sheria ya ugaidi kwa kawaida yuko mahabusu, hana simu, na familia yake inaogopa kujitokeza. Ukisema ni yeye tu anayeweza kulalamika, umeufunga mlango kwa ustaarabu. Novemba 2019 Tanzania pia iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha. Kenya haikuwahi kutoa tamko hilo. Mahakama ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwa mkazi yeyote, ila kwa miezi miwili tu tangu jambo litokee. Washukiwa waliochukuliwa Kenya na kupelekwa Uganda baada ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 walikwenda huko, na mwaka 2013 wakaambiwa wamechelewa.

Kusikiliza simu

Kwa kifupi, kwa kuwa hapa karatasi zinasema karibu kila kitu. Sheria ya Tanzania inamtaka polisi apate idhini ya Mwanasheria Mkuu kwa maandishi, kisha aombe amri ya mahakama. Ya Kenya ya 2012 nayo ilipitia kwa jaji, lakini marekebisho ya 2014 yaliongeza kifungu cha 36A kinachovipa vyombo vya usalama njia ya pembeni kwa utaratibu uliowekwa na Waziri, na mahakama ikakiacha. Uingereza tangu 2016 ina kufuli mbili, waziri anatia saini na kamishna wa kimahakama anaidhinisha. Chagua kufuli mbili. Pili yake ni andiko la Tanzania, na nasema andiko kwa makusudi.

Kuwekwa kwenye orodha

Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Siku chache baadaye Gazeti Rasmi la Kenya likachapisha majina 86 ya watu na taasisi zilizodaiwa kuhusishwa na ugaidi. Ndani yake yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Pwani, MUHURI na Haki Africa, yaliyokuwa yakipiga kelele juu ya vijana wanaopotea. Akaunti zao zikafungwa. Benki Kuu nayo ikasimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, zile ambazo Wasomali wa Eastleigh na Garissa huzitegemea kulisha jamaa zao, na ilichukua hadi Juni kuziruhusu tena.

Mahakama Kuu ya Mombasa, chini ya Jaji Anyara Emukule, iliona mashirika hayo hayakuhusishwa na ugaidi wowote, na Novemba ikaamuru fedha zao ziachiwe. Haki ilipatikana, baada ya miezi saba. Shirika dogo lisilolipa mishahara wala kodi ya ofisi kwa miezi saba huwa limeshakufa, na haya mawili yalinusurika kwa sababu yana majina. Duka la hawala la mtu asiye na jina lisingenusurika.

Uingereza waziri ndiye anayepiga marufuku, Bunge linaidhinisha, na kuna tume maalumu ya rufaa inayoweza kuona hata ushahidi wa siri. Mwaka 2008 kundi la Wairani la People's Mojahedin liliondolewa kwenye orodha baada ya kushinda humo. Ubaya wake ni kwamba mlalamikaji mwenyewe haoni ushahidi huo. Anauona wakili maalumu ambaye baada ya kuuona hawezi kuzungumza naye. Kwa kuchagua, ningechukua utaratibu wa Kenya wa kumwita mtu ajieleze kwanza, nikauongezea muda wa maana wa kujieleza na kifungu cha fedha za kujikimu akaunti inapofungwa.

Sheria yenye tarehe ya kufa

Siku nane baada ya mabomu ya baa za Birmingham, yaliyoua watu 21 Novemba 1974, Uingereza ilikuwa na sheria mpya ya ugaidi. Jina lake lilisema ni ya muda. Ilihuishwa na kuhuishwa hadi ikabadilishwa na ya mwaka 2000. Watu sita waliofungwa kwa mabomu yale walitoka mwaka 1991, baada ya miaka 16, hukumu zao zikiwa zimefutwa.

Kwa hiyo ukomo si dawa ya uhakika. Lakini kuna siku ulifanya kazi. Blair aliponyimwa siku 90 alipewa 28, kwa sharti kwamba Bunge lizihuishe kila mwaka. Januari 2011 serikali mpya haikupeleka ombi la kuzihuisha, na kikomo kikarudi 14 chenyewe, bila mtu kulazimika kushinda kesi yoyote. Nyuma ya hilo palikuwa na mtu ambaye Kenya na Tanzania hazina mfano wake: mkaguzi huru wa sheria za ugaidi, wakili anayeruhusiwa kusoma mafaili ya siri na kuandika ripoti ya kila mwaka inayowekwa mezani bungeni. Hana nguvu ya kuamuru, ila wabunge hupiga kura wakiwa na kitu cha kusoma zaidi ya hotuba ya waziri.

Wasioandikwa popote

Sasa lile nililoahidi kulirudia. Septemba 2015 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti ya visa zaidi ya 120 vya ukiukaji katika vita dhidi ya ugaidi, vikiwamo 25 vya mauaji nje ya sheria na 81 vya watu kupotezwa. Ni mwaka uleule ambao majaji watano walitoa hukumu yao safi.

Sheikh Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, alikuwa mtu wa maneno makali, na Serikali ilimwona hatari. Machi 2014 Mahakama Kuu iliamuru alipwe fidia kwa jinsi polisi walivyovamia nyumba yake. Aprili 1 akapigwa risasi akiwa anatoka mahakama ya Shanzu, barabarani. Katiba ya 2010 ilifanya yote iliyoweza ndani ya jengo lile.

Anayesoma Kenya kama mfano wa kuiga lazima asome na hili. Siku 90, dhamana, Ibara ya 22, vyote vinaanza kuhesabu mtu akishaandikwa kwenye kitabu cha kituo. Kenya ilitia saini mkataba wa kimataifa dhidi ya kupotezwa kwa watu mwaka 2007 na haijauridhia. Tanzania nayo ina wake wanaotafutwa, na kilio cha ndugu zao kinafanana.

Nichukue lipi?

Ukiwa Tanzania na una nafasi ya hoja tatu, ya kwanza iwe kuondoa ugaidi katika orodha ya kifungu cha 148(5), ili hakimu aamue dhamana kwa kuangalia mtu. Ikikataliwa, na huenda ikakataliwa, omba kikomo cha siku za rumande baada ya mashtaka kwa mfano wa zile 182, pamoja na masharti kwamba mashtaka yakifutwa baada ya kikomo hicho yasiweze kurudishwa bila idhini ya jaji. Ya tatu ni kurudisha haki ya mtu yeyote kufungua shauri la kikatiba. Usihangaike na kifungu cha kusikiliza simu. Hicho kiko vizuri kuliko majirani, kinahitaji kufuatwa tu.

Ukiwa Kenya, vifungu vya haki unavyo. Piga hesabu upya kwenye siku 90, kwa kuwa waliokutana na mabomu ya Julai 7 waliona 14 zinatosha. Futa njia ya pembeni ya 36A. Lakini kabla ya yote hayo, taka kupoteza mtu kuwe kosa la jinai lenye jina lake, na kila anayekamatwa na kikosi chochote, chenye sare au kisicho nazo, aandikwe ndani ya saa chache katika daftari ambalo wakili, Tume na familia wanaweza kulikagua usiku au mchana.

Cha kuchukua Uingereza ni mkaguzi huru, kura ya kila mwaka na kikomo cha rumande. Amri za kumfungia mtu nyumbani bila hukumu ziachwe hukohuko.